Mchezo wa Alhamdulillahi na Lakini

Mchezo wenyewe ni rahisi, na nimewafundisha watoto wa chekechea kwa miaka tisa sasa. Mnakaa duara. Wa kwanza anasema sentensi moja inayoanza na "Alhamdulillahi", na katika hiyo sentensi jambo jema linatokea. Wa pili anaanza na "Lakini", na jambo lile linaharibika. Wa tatu analitengeneza, wa nne analiharibu tena. Hakuna anayejua hadithi inaelekea wapi. Watoto Wakristo darasani kwangu husema "Asante Mungu", na mchezo unaenda vilevile. Hauhitaji vitabu wala picha, unahitaji watu wanne au watano na mahali pa kukaa.

Wazazi huniuliza niliusomea chuo gani. Huwa nawaambia niliupata nyumbani, kisha nabadilisha mazungumzo.

Nyumbani palikuwa Chechelesi, mtaa wa Isiolo, katika nyumba ya mabati ya vyumba vitatu. Tulikuwa watu sita. Baba alikuwa dereva wa lori, kama baba yake. Babu wa babu yake aliletwa huku kama askari wa Mwingereza, akitoka upande wa Wasomali, na ukoo wake haukurudi tena. Walipotoka jeshini waliingia kwenye ngamia wa mizigo, baadaye kwenye malori. Mama ni Mborana wa Merti. Alikuwa akiuza maziwa ya ngamia, na bado anauza. Kulikuwa na Ayeyo, mama yake Baba, tuliyemwita hivyo kwa Kisomali kwa sababu alikataa kuitwa nyanya. Na tulikuwa wasichana watatu. Mimi nilikuwa wa kwanza, nyuma yangu mdogo wangu niliyempita miaka miwili, na wa mwisho wetu ambaye siku ninazozisimulia alikuwa na miaka mitano. Ayeyo alizungumza Kisomali, Mama Kiborana, na Kiswahili kilikuwa katikati, cha kila mtu na kisicho cha mtu.

Maziwa yalikuwa yakifika kabla ya adhuhuri kwenye madumu. Mengi yalipelekwa kwenye basi la Nairobi. Yaliyobaki ilibidi yachemshwe siku hiyohiyo, la sivyo yangeganda. Kila alasiri, baada ya swala, Mama aliweka sufuria kubwa kwenye jiko la makaa uani, na maziwa yakiwa motoni huwezi kuyaacha. Unageuza kichwa tu, yamefurika. Kwa hiyo tulikaa pale sote kwa muda wa saa nzima, tukiyatazama, na watoto wakikaa saa nzima bila kazi wanaanza kupigana.

Michezo ilitoka hapo. Wa kwanza kabisa ulikuwa wa neno moja moja. Kila mtu anatoa neno lake, na maneno yanaungana kuwa hadithi. "Fisi." "Mmoja." "Aliingia." "Msikitini." Mdogo wangu wa pili alikuwa hodari sana hapo, angeweza kugeuza hadithi nzima kwa neno moja. Ayeyo alikuwa mdanganyifu. Zamu yake ikifika alisema "halafu". Ikirudi tena, "halafu". Tukimlalamikia anasema halafu ni neno, nendeni mkaulize mwalimu. Mchezo mwingine ulikuwa wa kufumba macho na kutoa kitu chochote kwenye mkoba wa Mama, sindano au risiti au kipande cha ubani, kisha unasema kilikuwa cha nani na kilifikaje pale. Kuna siku mdogo wetu wa mwisho alitoa kifuniko cha dumu akasema kilikuwa kofia ya mfalme wa mende. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Ule wa Alhamdulillahi ulianza kwa sababu ya Baba.

Baba alikuwa akipeleka unga na sukari Merti na Sericho, na akirudi alibeba mbuzi. Safari ilikuwa ya siku nne au tano, na mvua ikinyesha, wiki mbili. Msimu mmoja mto Ewaso Nyiro ulijaa, na malori yakakwama ng'ambo. Simu hazikuwa zinashika huko wakati ule. Siku ya kumi na tano ikapita. Mdogo wetu wa mwisho alianza kulia kila alasiri, kwa sababu alasiri ndiyo saa Baba aliyokuwa akiingia.

Mama alikuwa akikoroga maziwa. Hakumwambia nyamaza. Alisema tu, kana kwamba anaendelea na jambo lililokwisha kuanza, "Alhamdulillahi, leo Baba ameamka na mto umepungua."

Tukamtazama. Akamwashiria Ayeyo kwa kidevu. Ayeyo akafikiri kidogo, akasema, "Lakini gari imekataa kuwaka."

"Alhamdulillahi," nikasema mimi, "kuna fundi analala chini ya lori la mbele."

"Lakini," akasema mdogo wangu, "huyo fundi hasikii vizuri. Ukimwambia betri anafikiri umesema bakuli."

Yule mdogo aliacha kulia akitaka kujua kama fundi alileta bakuli. Alileta. Baba akala ndani yake. Mama akaweka sheria siku hiyohiyo: Baba lazima awe mzima, lazima awe njiani, na sentensi ya mwisho ni ya mdogo wetu, nayo lazima iwe ya Alhamdulillahi. Siku tatu baadaye Baba akaingia uani amejaa tope mpaka kwenye kope, na mdogo wetu akamkimbilia akimuuliza bakuli liko wapi.

Tangu hapo tukaucheza kila aliposafiri. Akirudi tulikuwa tukimsimulia yote aliyoyafanya. Alipitia mikasa ya kila namna, alipigana na chatu, alimbeba padri aliyepotea, akaoga kwa soda. Baba alisikiliza akiwa amelaza kichwa kwenye mapaja ya Mama, akisema, "Kweli? Nilifanya hivyo? Mimi?" Hizo ndizo kumbukumbu zangu nzuri za Baba, na si chache.

Mwaka uliofuata safari zake zilianza kurefuka, na mara hii mvua hazikuwepo. Ulikuwa mwaka wa kiangazi. Ngamia walikuwa wakifa Sericho, maji yalikuwa yakipelekwa kwa malori, na Baba alisema kazi ni nyingi huko. Alikuwa akikaa wiki tatu, anarudi, analala siku mbili, anaondoka. Kisha mwezi. Kisha akaondoka, ikapita miezi mitatu.

Tulicheza miezi yote mitatu. Sasa nikikumbuka naona mambo ambayo wakati ule sikuyaona. Mama hakuanzisha tena mchezo, alisubiri mmoja wetu aanze. Ayeyo alikuwa akisema "Lakini" zake kwa sauti ndogo, na mara nyingi alisema amechoka, tumruke. Na hadithi zilikuwa zimeishiwa nguvu. Baba alikuwa akifika Garba Tula, anaharibikiwa, anatengeneza, anafika Garba Tula tena. Mimi na mdogo wangu wa pili tulishaanza kuchoka. Aliyetushikilia ni yule mdogo, ambaye kila siku alimleta Baba mpaka kwenye mlango kwa sentensi yake ya mwisho. "Alhamdulillahi, nimesikia mguu." Kisha sote tulitega masikio.

Siku moja ya Jumamosi Mama alinituma stendi ya malori kuchukua dumu lililotumwa kutoka upande wa mashariki. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kulikuwa na mama mmoja aliyeshuka kwenye lori na makopo ya samli, amejifunga mtandio wa kahawia uliojaa vumbi. Alinitazama sana. Kisha akanisalimia, "Salaam aleikum. Wewe si ni mtoto ya dereva wa ile lori ya bluu?"

Nikaitikia. Nikafikiri ameleta habari za Baba.

"Nilijua. Hiyo sura haifichiki," akasema. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Hongera, mama. Mmepata kijana. Nimemwona juzi tu huko Sericho, mnene hivi, ni sura yenu kabisa. Baba yenu amefurahi mpaka amechinja mara mbili."

Alikuwa akinipongeza. Nataka hilo lieleweke, kwamba yule mama hakuwa na ubaya wowote. Alidhani ni jambo linalojulikana, kwa sababu huko lilijulikana. Nilimwambia ahsante. Nikachukua dumu na kutembea nyumbani nalo, na lilikuwa zito, na sikulitua hata mara moja njiani.

Sikumwambia Mama. Nilikaa chumbani mpaka adhuhuri ikapita. Nilifikiri mimi peke yangu ndiye ninayejua, na nilimwonea Mama huruma kiasi cha kumchukia. Nilimchukia kwa kuwa pale uani anapuliza makaa na hajui.

Alasiri tukakaa kama kawaida. Mdogo wetu wa mwisho ndiye aliyeanza. "Alhamdulillahi, Baba amepata magurudumu mapya."

Ayeyo akasema, "Lakini ni madogo."

Mdogo wangu wa pili akasema, "Alhamdulillahi, anaendesha polepole, na anafika Garba Tula."

Zamu ikawa yangu, na ilikuwa ya Lakini. Nakumbuka povu lilikuwa limeanza kupanda pembeni mwa sufuria.

"Lakini Baba ana mke mwingine Sericho," nikasema, "na amezaa mtoto wa kiume, na ndiyo maana harudi."

Hakuna aliyesogea. Nilikuwa nimemtazama Mama, nikingoja uso wake ubadilike, kwa sababu nilifikiri unabadilika mtu anapojua kitu kwa mara ya kwanza. Haukubadilika. Mama alikuwa ameshika mwiko, akaendelea kuushika. Ndipo nikamtazama Ayeyo. Ayeyo alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya mtandio wake na ananitazama kama mtu aliyevuliwa nguo.

Walijua. Wote wawili walikuwa wakijua tangu zamani, na walikaa pale kila alasiri wakimharibia Baba gari.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa akituangalia mmoja mmoja. Kwake bado ulikuwa mchezo, na zamu ilikuwa imefika kwake, na alijua sheria. Akapiga makofi.

"Alhamdulillahi," akasema, "tumepata kaka!"

Maziwa yakafurika. Yalimwagika juu ya makaa yote, na moshi wake ulikuwa mchungu, wa kuunguza macho. Mama hakuyaondoa. Ni mdogo wangu wa pili aliyeinuka akajaribu kushika sufuria kwa mikono mitupu, akaungua vidole vitatu, akapiga kelele, na kwa kelele ile wakubwa wakapata kitu cha kufanya. Ayeyo alileta maji. Mama alimfunga vidole. Mimi nilibaki nimekaa.

Magharibi Mama alinikuta nikisugua sufuria. Maziwa yakiungua yanashika kama rangi. Alichuchumaa mbele yangu, akanichukulia kitambaa, akasugua kidogo, kisha akasema bila hasira yoyote, "Ile sentensi ilikuwa yangu. Nilikuwa naitafuta. Umeichukua."

"Sikujua kama unajua," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema. "Lakini wadogo zako hawakuwa wanajua. Na Ayeyo hakuwa anajua kama najua."

Sikulielewa neno la mwisho wakati ule. Nilielewa nilipokuwa mkubwa. Ayeyo aliambiwa na mwanawe, akaombwa asiseme. Mama aliambiwa na jamaa zake wa Merti. Kila mmoja alimficha mwenzake, na kwa kufichana hivyo waliweza kula sahani moja. Mkwe na mama mkwe, chini ya mabati mamoja, wakipokezana sentensi juu ya mtu yuleyule. Nilipolitamka, Ayeyo alijua Mama anajua kwamba yeye alijua. Baada ya hapo hakuweza kumtazama Mama usoni. Alianza kula chumbani kwake. Akisikia Mama anakohoa uani, anageuka anarudi ndani.

Mchezo ulikufa hapohapo. Hakuna aliyesema tusicheze. Maziwa yaliendelea kuchemshwa, na tulikuwa tukiyachemsha kwa zamu, mmoja mmoja. Kwa wiki nyingi yule mdogo alijaribu kuucheza peke yake. Nilimsikia nyuma ya nyumba, anasema Alhamdulillahi kwa sauti yake ya kawaida na Lakini kwa sauti nzito, akimwiga Ayeyo. Katika hadithi zake sasa Baba alikuwa anakuja na mtoto. Mtoto alikuwa ameketi juu ya magunia. Mtoto alikuwa na kofia. Nilitaka kumwendea nicheze naye, na sikuenda, kwa sababu nilihisi mdomo wangu una najisi.

Baba alirudi miezi minne baada ya siku ile. Aliingia asubuhi, akiwa peke yake, akaegesha lori barabarani badala ya uani. Alileta gunia la sukari na vitambaa vitatu vya dera vya rangi moja. Mama alimpa chai. Walizungumza habari za kiangazi. Mdogo wetu wa mwisho alikaa karibu naye akimvuta mkono wa shati.

"Baba, kaka yetu anaitwa nani?"

Baba alimtazama Mama, na Mama alitazama kikombe. Akalitaja jina kwa sauti ya chini. Mdogo wetu alilirudia mara mbili, akijaribu kulizoea.

"Atakuja lini?"

"Akikua," Baba akasema.

Tulidhani amekuja kukaa. Alikuwa amekuja kumchukua mama yake. Ayeyo alikuwa ameshafunga vitu vyake, na havikuwa vingi: mkeka wa swala, birika, sanduku la bati. Nilimkuta chumbani amekaa juu ya lile sanduku. Nilimwambia asiende. Nilimwambia nimekosa, nisamehe. Alinishika kidevu. Mikono yake ilikuwa mikavu na ilinukia ubani.

"Hukusema uongo," akasema. "Lakini ungenyamaza, ningebaki. Mimi nilikuwa na uwezo wa kukaa na mama yako bila kusema. Sina uwezo wa kukaa naye hivi."

Sina hakika kama alikusudia kunilaumu. Nimeigeuza sentensi hiyo miaka ishirini na miwili, na kila nikiigeuza inakata upande mwingine.

Mama alimsindikiza mpaka kwenye lori. Alimfungia mkono wa sanduku kwa kamba, akamwekea chupa ya maziwa, akambusu mikono yote miwili. Ayeyo alipanda mbele. Lori likaenda. Hatukumwona tena. Alizikwa Sericho miaka sita baadaye, na habari zilitufikia siku tisa baada ya kuzikwa.

Baba alikuja mara nne zaidi katika maisha yangu, na safari moja kati ya hizo alilala. Kisha akaacha kuja. Lori la bluu liliuzwa. Tulikua. Mdogo wangu wa pili aliolewa Nairobi, na hapendi kuzungumza habari za Chechelesi. Vidole vyake vilipona bila alama. Yule mdogo akawa muuguzi, anafanya kazi Merti, kwa wajomba zetu. Mimi nilibaki hapa na Mama. Nilisomea ualimu, nikapewa darasa la watoto wadogo. Mwaka wa kwanza, siku moja mvua ilitufungia ndani na watoto wakaanza kupigana, na nikasikia mdomo wangu unasema, "Kaeni duara." Tuna sheria moja tu, ambayo niliiongeza mimi, kwamba hadithi isiwe ya mtu tunayemjua.

Mwaka huu, kabla ya mvua, simu iliita nikiwa darasani. Sauti ya kijana, yenye adabu, ilinisalimia na kuniambia yeye ni mtoto wa baba yangu. Akasema Baba amefariki alfajiri. Ilikuwa shinikizo la damu.

Nilipata pickup siku ileile, lakini Sericho ni mbali, na barabara ilitupiga usiku kucha. Tulipofika walikuwa wamekwisha kumzika. Kijana yule alinipokea. Sikuhitaji kuonyeshwa ni yupi. Nilikuwa nimejiandaa miaka mingi kumchukia, nikaona pua yangu na masikio ya mdogo wangu, na sikujua chuki niiweke wapi. Alinipeleka makaburini. Baba amezikwa karibu na Ayeyo, kaburi la mawe madogo, bado jekundu. Niliomba dua. Kijana alisimama nyuma yangu kidogo akisema amina.

Mama yake alinikaribisha. Alikuwa amevaa nyeupe, amekaa kwenye mkeka, mwanamke wa umri wa kati aliyekauka uso. Akasema, "Karibu nyumbani kwa baba yako." Akaagiza niletewe maji ya kuosha miguu kwanza, kabla ya chai, na maji huko si kitu cha kumwagia miguu. Watu walikuja kumsifu Baba. Alikuwa mtu mpole, walisema. Alikuwa haondoki nyumbani. Alikuwa anawapeleka watoto shule mwenyewe, akiwashika mkono.

Nilipokuwa nikiondoka kijana alinisindikiza mpaka kwenye gari. Alisema angependa kuja Isiolo kuwaona.

"Karibu," nikamwambia. "Tuko watatu na Mama."

"Watatu pamoja na Mama?"

"Hapana. Dada watatu. Na Mama."

Niliona anatafuta namna ya kulisema bila kuniumiza, na nikaona hakuna.

"Mimi nilijua nina dada wawili," akasema. "Baba alisema wawili. Labda sikumsikia vizuri."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijaribu kujua ni yupi kati yetu ambaye Baba alimsahau au alimfuta. Kwa nini nilijiuliza, sijui. Nilijua ni nani. Baba alipoondoka, yeye alikuwa mdogo sana. Yule aliyekuwa akimfikisha mlangoni kila siku.

Mdogo wangu huyo alinipigia simu nikiwa Garba Tula, tukibadilisha gurudumu. Alikuwa hajapata ruhusa kazini. Alikuwa analia tangu jana, nilisikia.

"Dada, ulifika? Wamesema nini? Aliniulizia? Katika siku zake za mwisho, aliwahi kuniulizia?"

"Alikuulizia," nikasema.

"Alisema nini?"

Nikaanza. Nikasema kijana amenieleza kwamba Baba alikuwa akimtaja, kwamba alijua amekuwa muuguzi, kwamba alijivuna kwa watu. Nikasema alikumbuka bakuli la fundi. Nilikuwa nikitafuta sentensi nyingine, na sauti yangu ikawa inaharakisha.

"Dada," akanikatiza, taratibu sana. "Inatosha."

Tukakaa kwenye simu mpaka mtandao ukakatika.

Nyumbani nilimkuta Mama amekwisha kuvaa nyeupe. Alikuwa ametoa hereni masikioni, amefunga duka lake la maziwa, na alikuwa amekaa eda. Miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba, kwa ajili ya mwanamume ambaye hakuwa amelala humo miaka kumi na saba. Wanawake wa maziwa walikuja kumpa pole. Wengine walibinua midomo walipokuwa wakitoka, niliwaona. Jirani yetu Mmeru alinivuta pembeni akaniuliza kama dini inamlazimisha kweli. Hata mimi nilikasirika. Siku ya pili nilimwambia, "Mama, huyu mtu alikuacha."

"Hakuniacha," akasema. "Hakutamka. Mtu anayeacha anatamka talaka. Yeye alienda tu."

"Kuna tofauti gani?"

"Tofauti ni kwamba niko hapa nimevaa hivi." Akaweka nguo zake vizuri magotini. "Ningeweza kuidai kwa kadhi. Kila mwaka nilisema nitaenda mwaka ujao."

Sikumuuliza tena. Nilimchotea maji asubuhi, nikapokea madumu, nikaenda shule, nikarudi. Alihesabu siku mwenyewe na hakukosea hata moja. Sikumwona akilia. Alikuwa akisoma Kurani, akishona vifungo, akiniuliza bei ya vitu sokoni kana kwamba yuko safarini nchi nyingine.

Siku ya mwisho wanawake walikuja asubuhi kumsaidia kuoga na kumpaka udi. Alivaa dera ya kijani. Walipoondoka alitoka mpaka mlangoni, akasimama kwenye jua, akafumba macho. Mikono yake ilikuwa imekonda na nilikuwa sijaiona.

"Yule mwanamke wa Sericho," akasema, macho bado yamefumbwa. "Naye anamaliza leo."

Nilikuwa sijafikiria hilo kamwe. Miezi minne na siku kumi, mmoja hapa na mmoja kule, wakihesabu siku zilezile.

"Una namba ya kijana?"

Nilimpigia, nikampa Mama simu. Akamwomba kijana ampelekee mama yake. Kisha nikawasikia wakisalimiana kwa Kiborana, salamu ndefu ya watu wazima, amani ya watu, amani ya mifugo, amani ya mvua. Mama alimuuliza kama maji yamepatikana. Akamuuliza kama ngamia wamezaa. Akasikiliza muda mrefu, akiitikia, akitikisa kichwa kwa mtu asiyemwona. Hawakumtaja. Au kama walimtaja, walimtaja kwa namna ambayo mimi sikuitambua. Mwisho akamwambia, "Pole, dada yangu," na akasikiliza tena, na akasema, "Ahsante. Na mimi."

Akanirudishia simu. Akaniuliza kama nina haraka ya kwenda shule.

Nikamwambia sina.

Akakaa chini palepale mlangoni na dera yake mpya, akalia.